Kore namba 4: ukuta wa bwawa mwepesi kuliko mchoro wake

Kore namba 4, yaani mche duara wa zege uliokatwa ukutani ili upimwe, ilitoka vipande viwili. Fundi wa mashine ya kutobolea aliinua bomba, akaligonga kwa mpini wa nyundo, kipande cha juu kikateleza nje, kisha cha chini kikafuata peke yake. Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. "Bosi, imekatika. Biti ilitikisika kidogo." Nikaviokota vile vipande na kuvigeuza uso kwa uso. Kwenye mvunjiko kulikuwa na utando wa tope la kahawia, mwembamba kama rangi ya ukutani, na katikati yake mzizi mmoja mdogo kama unywele. Biti haioteshi mizizi. Zege lile liliachana pale miaka mingi kabla hatujafika na mashine yetu.

Nimekieleza kisa hiki mara kadhaa kwa mdomo kwa vijana wa maabara, na kila mara wanaishia kukumbuka ule mzizi. Mimi ningependa wakumbuke mzani, na sababu itaonekana mbele.

Ukuta wenyewe uko kwenye miteremko juu ya Moshi, katika shamba la kahawa lililoanzishwa na mlowezi. Mashamba kama hayo yalitaifishwa mwaka 1973 yakakabidhiwa vyama vya msingi, na hili nalo lilipita njia hiyo hiyo. Shamba silitaji jina, na chama pia. Watu wakisikia bwawa na Moshi kwa pamoja wanafikiria Nyumba ya Mungu, ambalo ni tuta. Hili ni jingine kabisa: ukuta wa zege lisilo na nondo, uliomwagwa miaka ya 1950, kimo mita 9 pale bonde lilipo na kina, unene mita 1.2 juu na mita 6.3 chini. Unasimama kwa uzito wake tu. Maji yake yanakwenda kwenye kahawa, na yanayobaki yanaingia kwenye mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia, unaonywesha vihamba, mashamba ya familia, vya chini. Chini zaidi kuna nyumba za watu.

Tuliitwa kwa sababu tatu zilizoonekana kwa macho. Uso wa nyuma, ule usiogusa maji, ulikuwa na michirizi myeupe kama maziwa yaliyomwagika. Juu ya ukuta kulikuwa na nyufa zilizotapakaa kama ramani. Na kila masika palikuwa na mstari wa unyevu uliolala sawasawa, karibu mita moja kutoka chini, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula.

Kikao cha kwanza kilifanyika chini ya mti, na chai. Mwenyekiti, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikwenda moja kwa moja. "Mhandisi, sisi hatuna maneno mengi. Kuna mtu anataka kuwekeza hapa, na watu wake wanadai karatasi ya megapaskali. Tupimie, mtupe namba, tumalizane."

"Mzee, namba nitakupa. Ila namba ya kuponda zege haitakwambia kama ukuta utasimama."

"Sasa itaniambia nini?"

Nilijibu vibaya siku ile, kwa maneno mengi ya darasani, na Mama Katibu akaanza kupanga vikombe. Jibu fupi ni hili. Ukuta wa mita 9 unaosimama kwa uzito wake unajibana chini kwa takriban megapaskali 0.2, kipimo cha nguvu juu ya eneo. Zege hata liwe bovu kiasi gani, likishapata megapaskali 10 lina akiba ya mara 50. Kuta za aina hii hazifi kwa kupondeka. Zinakufa kwa kuteleza au kupinduka, na mara nyingi pale ambapo tabaka moja la zege lilimwagwa juu ya jingine bila kuoshwa vizuri, maji yakaingia kwenye kiungo na kuanza kuinua sehemu ya juu. Bwawa la Bouzey kule Ufaransa lilibomoka mwaka 1895 kwa njia hiyo, maji yakiwa yamepenya ndani ya ukuta, na ndipo wahandisi wengi walipoanza kuuhesabu msukumo huo. Lakini walioandika mchoro wa ukuta wetu miaka sitini baadaye hawakuuhesabu, na si ajabu. Mabwawa madogo ya mashambani yalijengwa kwa kanuni za mkononi.

Kukata kore

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tulikwenda na biti ya milimita 100, kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo. Kanuni ya kazi hii ni kwamba kipenyo cha kore kiwe angalau mara tatu ya jiwe kubwa kabisa lililomo kwenye zege. Kokoto za ukuta ule zilifika milimita 50, na hapa na pale mafundi wa zamani walitupia mawe makubwa ili kupunguza saruji. Kore mbili za mwanzo zilikuwa karibu jiwe tupu upande mmoja na matope ya saruji upande wa pili. Ukiponda kitu kama hicho unapima bahati. Tukasimamisha kazi, tukakodi biti ya almasi ya milimita 150 kutoka Dar es Salaam. Ilifika kwa basi, imefungwa kwenye gunia, na kondakta alidai nauli ya abiria.

Kore tulizozitumia zilikuwa 9 kwa jumla. Nyingine zilikatwa kwa ulalo ndani ya tabaka, nyingine wima kutoka juu ili zivuke viungo. Zile za wima zilivuka viungo 7. Vinne vilitoka vimeachana.

Hapa inabidi mtu awe mkali na nafsi yake. Mashine ya kutobolea inaweza kweli kuvunja kiungo dhaifu, na fundi hakuwa anadanganya aliposema biti ilitikisika. Mvunjiko mpya ni safi, una chembe kali, rangi yake ni moja na zege la jirani. Mvunjiko wa zamani una tope, una chokaa iliyoganda, kingo zake zimelainika. Vinne vyote vilikuwa na tope au chokaa, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kwenye kimo kile kile cha mstari wa unyevu. Kiungo cha tano kilivunjika mikononi mwetu, kisafi kabisa. Nilikiandika kama mvunjiko wa mashine na sikukihesabu.

Kosa la pili lilikuwa la kijana wetu, aliyeacha kore tatu juani mchana kutwa badala ya kuzifunga kwenye nailoni palepale. Zege lililokaushwa hupondeka kwa namba kubwa kuliko lenye unyevu, tofauti inaweza kufika asilimia 10 hadi 15. Kwa ukuta unaokaa ndani ya maji, namba ya zege kavu ni ya kujifurahisha. Kore hizo tatu zikahamishiwa kwenye vipimo vingine.

Mezani

Sita zilipondwa, zikiwa na urefu mara mbili ya kipenyo na ncha zimesawazishwa kwa salfa iliyoyeyushwa. Harufu ya salfa hubaki kwenye shati siku mbili. Mke wangu anajua nimefanya kazi gani kabla sijasema. Majibu kwa megapaskali yalikuwa 14.2, 12.6, 9.1, 17.8, 11.9 na 13.4. Wastani 13.2. Kwa nyumba ya ghorofa ningekuwa na wasiwasi. Kwa ukuta huu, nilimwandikia mwenyekiti namba yake na nikaendelea.

Michirizi myeupe ndiyo iliyowatisha watu, na kulikuwa na mtu kabla yetu aliyewaambia kwamba ni "saratani ya zege". Anachomaanisha ni mmenyuko kati ya alkali za saruji na silika ya aina fulani za mawe: hutokea ute unaofyonza maji, unavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Aliyeubaini kwanza ni Thomas Stanton wa California, mwaka 1940. Uvimbe wa namna hii unajulikana kwenye bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na kwenye bwawa la Mactaquac la Canada umelazimisha ukuta kukatwa kwa msumeno mara kadhaa ili zege lipate pa kupumulia. Kwa hiyo si jambo la kudharau, hasa kwenye milima yetu ambako kokoto ni za volkano na baadhi zina kioo ndani yake. Nyufa za ramani ni dalili yake mojawapo.

Ila dalili si ugonjwa. Tulikwangua ule weupe na kuudondoshea asidi kidogo: ukatoa mapovu kama soda. Hiyo ni chokaa. Maji ya mlimani ni laini, hayana madini mengi, na maji laini yana njaa. Yakipita ndani ya zege yanayeyusha chokaa ya saruji na kuitapika nje. Kipimo cha asidi peke yake hakitoshi, kwa sababu ute wa zamani nao unaweza kuchanganyika na chokaa, kwa hiyo vipande viwili vilipelekwa kusagwa hadi unene wa takriban milimita 0.03, ambapo jiwe linapitisha mwanga, na kutazamwa kwa hadubini. Hakukuwa na ute kuzunguka kokoto, wala nyufa zinazotoka ndani ya mawe. Nyufa za juu zilikuwa za kusinyaa na za jua, kina chake sentimita chache. Saratani ikafutwa kwenye ripoti.

Tulinyunyizia pia fenoftalini, dawa inayobadili rangi kwenye alkali, kwenye kore mbili mbichi. Zege lenye afya hugeuka waridi, lililopoteza ualkali halibadiliki. Upande wa nyuma halikubadilika kwa milimita 35 hadi 40. Mwekezaji aliona picha hiyo akapiga simu usiku. Nikamwambia tatizo la kina hicho ni kutu ya nondo, na ukuta huu hauna nondo hata moja. Akalala.

Mawimbi ya sauti tuliyopitisha kwenye zege yalisema jambo la maana zaidi. Katikati ya matabaka yalikwenda kwa kilomita 3.4 hadi 3.6 kwa sekunde, ambayo ni ya wastani. Karibu na viungo yalishuka hadi 2.4. Sauti inapenda njia isiyokatika.

Mzani

Nakuja kwenye kile ambacho hakuna aliyetuomba. Kabla ya kuponda kore, kila moja hupimwa uzito hewani na kisha ikiwa imezamishwa majini, ili ujazo wake ujulikane na uzito kwa mita ya ujazo upatikane. Ni kipimo cha dakika kumi, na maabara nyingi hukifanya kwa mazoea tu: namba inaandikwa pembeni ya fomu na hakuna anayeitazama tena. Mimi nilizoea kuona karibu kilo 2,400. Kore ya kwanza ikasoma 2,140. Nikadhani mzani umechoka, nikauweka jiwe la kupimia, ukasoma sawasawa. Ya pili 2,090. Mpaka tunamaliza, chini kabisa ilikuwa 2,060 na juu kabisa 2,230, wastani 2,150.

Ukiivunja kore unaelewa kwa nini. Sehemu kubwa ya kokoto ni lile jiwe la volkano lenye vitundu, jekundu na jeusi, ambalo mtoto anaweza kubeba bonge lake akakushangaza. Lilikuwa karibu na shamba, likatumika. Mchoro wa zamani, ambao Mama Katibu aliupata kwenye kabati la ofisi ukiwa umekunjwa ndani ya daftari la mahudhurio, uliandika uzito wa kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, namba ya vitabuni. Aliyechora alikuwa na kokoto za kichwani. Aliyejenga alikuwa na za bonde lile.

Sasa hesabu, kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta, kwenye kiungo cha chini kabisa. Eneo la sura ya ukuta ni mita za mraba 33.75. Kwa mchoro, uzito ni tani 81. Kwa mzani wetu ni tani 72.6. Bwawa likijaa hadi ukingoni, maji yanasukuma kwa ulalo kwa tani 40.5. Kama kiungo kimefunguka, maji yaliyoingia chini yake yanainua kwa tani 28.4, tukichukua kwamba presha ni kamili upande wa maji na sifuri upande wa nyuma. Uzito unaobaki kukandamiza kiungo ni tani 52.6 kwa mchoro, tani 44.2 kwa uhalisia.

Vipande vitatu vilivyofika vimeachana tulivisugua kwenye boksi la kukata, kimoja juu ya kingine chini ya mizigo tofauti. Pembe ya msuguano ilikuwa kati ya nyuzi 44 na 48. Tukachukua 45, ambapo msuguano unalingana na uzito, na mshikamano tukauweka sifuri, kwa sababu kitu chenye mzizi ndani yake hakijashikamana. Uwiano wa usalama dhidi ya kuteleza, yaani nguvu inayozuia ikigawanywa kwa inayosukuma: mchoro ungetoa 1.30, ukuta halisi 1.09.

Asilimia tisa juu ya kuanguka. Na hiyo ni kwa maji yaliyotulia ukingoni, bila mafuriko kupita juu, bila tetemeko. Waliokuwa Arusha Julai 2007 wanakumbuka vitanda vilivyotembea wakati wa matetemeko ya mlima Gelai.

Kwa upande wa kupinduka nako hakukuwa na faraja. Nguvu zote zikijumlishwa, mstari wake unatua mita 1.35 kutoka ukingo wa nyuma wa msingi, wakati unatakiwa uangukie ndani ya theluthi ya kati, yaani si karibu zaidi ya mita 2.1. Maana yake upande wa maji unavutwa, kiungo kinafunguka zaidi, maji yanaingia zaidi. Msukumo wa kuinua ukiachwa nje, kwa uzito wa mchoro, mstari huo unatua mita 2.6, ndani ya theluthi. Mchora ramani alilala usingizi mzuri.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi ukuta umesimama miaka yote hiyo. Kwanza, viungo vitatu kati ya saba havijaachana kwa namna ninayoweza kuthibitisha, na sehemu zilizoshikamana zinabeba zile zilizolegea. Pili, ukuta umebanwa na mwamba pande zote mbili za bonde, jambo ambalo hesabu ya mita moja moja hailioni. Siwezi kuuza akiba hiyo kwa watu wanaolala chini ya bwawa.

Kikao cha pili

Safari hii sikutumia maneno ya darasani. Nilichukua kore namba 4 na kuiweka juu ya meza, kipande juu ya kipande, nikamwomba mwenyekiti ainue cha juu. Akainua kwa mkono mmoja. Kikatoka.

"Hiki ndicho kilichoshika maji yetu?"

"Uzito ndio uliokishika, Mzee. Na uzito wenyewe ni pungufu tani nane kwa kila mita."

Alikaa kimya. Kisha akauliza swali bora kuliko yote niliyoulizwa kwenye kazi ile: "Tukitoa maji, inakuwaje?"

Tulikuwa tumeshapiga hesabu. Ukishusha maji kwa mita moja tu, kutoka 9 hadi 8, msukumo wa ulalo unashuka kutoka tani 40.5 hadi 32, kwa sababu unakua kwa mraba wa kina. Uwiano unapanda kutoka 1.09 hadi 1.48, na mstari wa nguvu unarudi mita 2.3, ndani ya theluthi ya kati. Hakuna saruji, hakuna nyaya za chuma za kufungia ukuta kwenye mwamba, ambazo bei yake ingemeza mapato ya kahawa ya misimu kadhaa. Ni kukata mwanya juu ya ukuta.

Uchungu uko kwenye ujazo. Bonde lenye umbo la faneli limepanuka juu, na mita ya juu kabisa kati ya 9 inabeba karibu asilimia 30 ya maji yote. Mama Katibu, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliweka kalamu chini. "Mhandisi, asilimia thelathini ni kahawa ya nani? Ya mwekezaji au ya akina mama wa kule chini wa mfongo?"

Swali hilo halikuwa la maabara na sikujaribu kulijibu. Lilichukua vikao vitatu. Niliweka mezani njia ya pili: kutoboa matundu ya kutolea maji kutoka juu ya ukuta hadi kwenye kiungo na kuyaongoza nje nyuma. Yakifanikiwa kupunguza msukumo wa kuinua kwa nusu, hata bwawa likijaa uwiano unafika 1.44, ingawa mstari wa nguvu unabaki mita 2.04, nje kidogo ya theluthi. Matundu hayo huziba kwa chokaa ileile inayotapikwa, kwa hiyo yanahitaji kuzibuliwa kila mwaka, na mimi siamini sana katika kazi inayotegemea mtu kukumbuka kila mwaka. Walikubaliana mwanya kwanza, kabla ya masika, na matundu baadaye wakati wa kiangazi, kisha wapime presha kwa mwaka mzima kabla ya kufikiria kurudisha hata nusu mita. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina vifungu vya usalama wa mabwawa, na ofisi ya bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, kwa hiyo ripoti yetu ilipelekwa huko pamoja na barua ya chama.

Mwanya ulikatwa wiki ya mwisho ya Februari, upana mita 6. Kwenye mafuriko maji yatapanda juu ya kiwango kipya kwa saa kadhaa, na hilo tumeliandika kwa herufi nene. Masika yalipokuja, mstari wa unyevu nyuma ya ukuta ulibaki palepale lakini ulikuwa mwembamba, na chokaa mpya ilikuwa kidogo.

Kilichowasumbua zaidi baada ya hapo hakikuwa kwenye ripoti. Mdomo wa mfongo ulikuwa juu ya kiwango kipya cha maji kwa sentimita 20, ukawa mkavu. Wazee wa mfongo walikuja na majembe, wakachimba njia mpya kuzunguka mwamba kwa siku nne, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na siku ya tano maji yakashuka vihambani. Mwenyekiti alinipigia kunieleza, kisha akauliza kama ile kore namba 4 anaweza kubaki nayo ofisini. Iko juu ya kabati, kipande juu ya kipande, na kila mgeni anaombwa ainue cha juu.